Bahari ya Villiers, kutoka Wote

Nilikisoma *Sons of Sindbad* hapa Wote mwezi wa Septemba, mto Kaiti ukiwa mchanga mtupu na watu wakifukua visima ndani yake. Rafiki yangu akanicheka: "Wewe Mkamba, bahari ni ya nini?" Nilimaliza kitabu kizima nikitafuta jibu.

Alan Villiers, baharia kutoka Australia, alipanda bumu la Kuwait huko Aden mwishoni mwa 1938. Nahodha alikuwa Ali bin Nasr al-Nejdi. Kaskazi iliwaleta Mogadishu, Lamu, Mombasa, Unguja hadi delta ya Rufiji, kisha wakarudi Kuwait 1939. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata.

Chomboni, Villiers hana mpinzani. Jahazi lake si lile la kadi za posta. Anatuonyesha deni: baharia hana mshahara, ana fungu la faida, na fungu lenyewe mara nyingi limeshaliwa na deni kwa nahodha. Nahodha naye anadaiwa na mfanyabiashara wa Kuwait. Hapo ndipo aliponishika, kwani deni la aina hiyo tunalijua. Mkulima wa ndengu huku hukopa mbegu hata wingu halijaonekana.

Lakini akikaribia nchi kavu, macho yake yanachoka. Bandari ndogo kwake ni pa kutia nanga, kuuza, kupakia, kuondoka. Chukua Rufiji. Nililisikia joto, matope na jasho la mabaharia wakipakia boriti za mikoko. Nilipofunga sura hiyo niliwajua watu wa bumu, ila delta niliijua kwa mbu wake tu. Wanaobaki pale chombo kikishatweka tanga, wanaishije? Sikuambiwa.

Na nyuma ya bandari je? Unaweza kudhani mizigo ya Mombasa iliota gatini. Kumbe katikati ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishusha pembe za ndovu pwani. Krapf, mmisionari, alipofika kwa Kivoi huko Kitui 1849, alifika kwa mtu aliyeijua njia ya Mombasa vizuri kuliko yeye.

Simlaumu Villiers kwa kuandika alichokiona. Alisafiri na chombo, akaandika chombo. Tatizo ni sisi tunaorithi dirisha lake, tukaamini kwamba bahari ina wenyewe na sisi wa bara ni watazamaji.

Mvua za Novemba zikija, Kaiti hujaa ukaingia Thwake, Thwake ukaingia Athi, na Athi, ukishaitwa Sabaki, humwaga udongo mwekundu baharini karibu na Malindi. Kisomeni kitabu hiki, ni kizuri kweli. Rafiki yangu naye nimempa nakala yangu, nikamwambia aanze na ule udongo: umetoka shambani kwao.