Kisu cha munyororo na shoka la wazee

Kila mara tunapoandika juu ya mila za Katanga, tunaandika juu ya shaba. Ni haki, kwani shaba ndiyo ilileta jina la inchi yetu mbele ya dunia. Lakini chuma tunakisahau, hata kama jembe, shoka na kisu vilijenga vijiji vyetu mbele ya kuwa na mji wa Lubumbashi. Leo tunaomba wasomaji waangalie pamoja nasi kitu kimoja kidogo: kisu.

Kilifika huku mu valizi ya ndugu yetu mumoja anayekaa Ubelgiji. Kimefuliwa na munyororo wa masini ya kukata miti. Ukikigeuza mu mwangaza, unaona ubavuni vipande vyote vya ule munyororo, vimelala sawa vile magamba ya samaki, vingine vyeusi, vingine vinang'aa. Kila mutu aliyekishika alisema: «Aah, kizuri!» Siye tukajiuliza: kizuri juu ya nini?

Tuanze na kazi yenyewe. Maua yale hayakuchorwa. Mufuzi alikunja munyororo ndani ya sanduku dogo la chuma, akajaza nafasi na unga wa chuma, akafunga, akatia ndani ya moto mpaka chuma kikawa cha manjano karibu kuwa cheupe, kitu kama digri 1200 au zaidi. Hapo akapiga, akarudisha mu moto, akapiga tena, mpaka vipande vyote vikashikana kuwa chuma kimoja. Kazi ile haisamehe. Uchafu kidogo ukibakia ndani, kisu kitapasuka. Meno ya munyororo ule yamepakwa kromu, na kromu inakataa kushikana. Na mutu akichukua munyororo wa aina ingine, uliopakwa zinki, moshi wake unaweza kumutia sumu. Kiisha kuunda kisu, anakipasha moto tena, anakizamisha mu mafuta kipate ugumu, anakisugua. Hata pale maua bado hayaonekani vizuri. Yanatoka wakati kisu kinaingizwa mu asidi: kila aina ya chuma inajibu asidi kwa namna yake, moja inakuwa nyeusi, ingine yenye nikeli inabakia nyeupe.

Basi maua haya ni ushuhuda. Yanasema chuma hiki kilikuwa nini, na mikono ilikifanya nini. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kisu hiki, na tunaitoa bila choyo.

Wenye kuuza visu vya namna hii wanaviita «Damas», sawa vile ni kazi ya mababu isiyokatika. Hapo tuwe na uangalifu. Panga za zamani zenye sifa ya Damas zilipata mawimbi yao ndani ya chuma kilichoyeyushwa mu vyungu, chuma cha kutoka Uhindi; hazikuwa vipande vilivyounganishwa. Ni kweli kwamba Ulaya nayo zamani ilikuwa na mafundi wa kuunganisha vyuma mbalimbali mu panga moja, lakini kazi ile ililala muda murefu. Ilipata nguvu mupya katika Marekani, baada ya mufuzi William Moran kuonyesha visu vyake mwaka wa 1973. Kuitumia minyororo ni tawi la kazi hiyo iliyoamshwa. Kwa hiyo kijana wetu asidanganyike kwamba huko ndiko kuna mila na huku kuna kuiga tu.

Tulipeleka kisu kwa mufuzi mumoja wa komini Katuba, muzee anayefua resore za zamani za makamio. Hakuangalia maua. Alikigonga na ukucha, akasikiliza. Akapitisha kidole kwa uangalifu pembeni ya makali. Akakata karatasi, akakata kipande cha muti. Kiisha akasema: «Bana, maua iko mingi, lakini mugongo iko munene. Mama atakata matembele na hii namna gani?» Tukamwambia mafundi wa huko wanasifiwa sana. Akajibu: «Sikatae. Kushikanisha ile vyuma haiko kazi ya mutoto. Lakini makali haijue maua.» Akatuonyesha kisu chake: cheusi, chembamba, bila pambo lolote. Alituambia chuma cha beto hakifai, juu hakishiki ugumu. Cha resore kinafaa, na anakitambua kwa cheche zake pa jiwe la kunolea.

Hukumu ya muzee ni ya kweli, lakini haimalizi maneno. Kama chuma kingekuwa cha kukata tu, wazee wetu wenyewe wangehukumiwa. Tuangalie shoka la Wasongye, hasa lile la watu wa Nsapo. Wembe wake si bamba moja: ni fito za chuma zilizosokotwa na kuunganishwa, na katikati yake kunatoka vichwa vidogo vya watu. Mupini umefunikwa na shaba. Hakuna mutu aliyefua shoka lile kwa kuangusha muti. Lilifuliwa ili mukubwa alishike mbele ya watu. Kwa Waluba vilevile, ufuzi na ufalme vilishikana: ibada ya kumutawaza mufalme ilikuwa na sehemu ya «kupiga fuawe», na pini za nywele zilifuliwa kwa umbo la fuawe. Na si maneno ya masimulizi tu. Mu bonde la Upemba, ambako Nenquin na Hiernaux walichimbua makaburi ya Sanga mu miaka ya 1957 na 1958, na ambako Pierre de Maret aliendelea kuanzia mwaka wa 1974, kulipatikana pale Kamilamba kaburi la karibu karne ya 8 hadi ya 10. Marehemu alilazwa na fuawe karibu na kichwa chake, pamoja na shoka la heshima.

Kwa hiyo mila yetu inajua vyuma viwili. Kimoja ni cha kazi, na uzuri wake ni makali. Kingine ni cha heshima, na uzuri wake ni kile kinachosema juu ya mwenye kukishika. Kosa la kisu cha munyororo ni kusimama katikati: kina umbo la kazi, lakini kimefanywa kwa kuwekwa pa ukuta. Shoka la Wasongye halikudanganya mutu juu ya hilo.

Hata hivyo kisu cha mugeni kinatupiga na sisi. Karibu na mupini kina alama ndogo ya mufuzi wake. Mashoka ya wazee, mu mamuzeo ya huku na ya Ulaya, mara nyingi yanaandikwa «Songye» ao «Luba», bila jina la mutu, sawa vile kabila zima lilishika nyundo moja. Na kosa si la mamuzeo peke yake. Siye wenye kuandika vitabu hivi, mufuzi aliyekufa tunamupamba na maneno ya kifalme. Mufuzi anayeishi, anayetupatia kisu cha jikoni na jembe, tunamuita mutu wa ferai. Tukipita karibu na moto wake, tunalalamika juu ya kelele.

Tulimwomba muzee wa Katuba atie alama yake pa visu vyake. Kupiga alama na ncha ya chuma kigumu ni kazi ya dakika moja. Alicheka: «Wamama wa soko wanajua kisu yangu. Inakata, wanarudia.» Hatukupata jibu la kumupa. Lakini wamama wale watazeeka, na kisu cheusi cha resore kitaishi kuliko wao wote. Tunaomba basi kila mwanachama aliye na kisu, jembe ao shoka la mufuzi wa mutaa wake aende kumuuliza jina lake, alifundishwa na nani, na chuma kilitoka wapi, kiisha aandike. Tusingoje wachimbuaji waje kutafuta fuawe yake kaburini.