Gita la Franco Uwanjani

Santuri ninayotaka kuizungumzia leo haikuuzwa sokoni kwetu Ariwara ndani ya ganda lake. Ilikuja kwa njia ambayo siku hizi muziki wote hutufikia: kijana mmoja, mpiga gita wa kwaya yetu, alivuka mpaka kwenda Arua, akapakiwa nyimbo katika kikadi cha simu, akalipa kwa shilingi za Uganda kama tulivyozoea, akaniletea jioni moja baada ya mazoezi. Akaniambia: «Mwalimu, wasikilize wazee hawa, halafu uniambie kama ni dhambi.» Nilicheka. Lakini swali lake si la kuchekwa, nami naandika kwa sababu yake.

Jina la santuri ni Zaire 74: The African Artists. Ilitolewa mwaka 2017, lakini muziki wenyewe ulipigwa Kinshasa mbele ya watu tarehe 22 mpaka 24 Septemba 1974. Wasomaji wazee wanakumbuka sababu yake. Muhammad Ali na George Foreman walikuwa wapigane ngumi katika mji ule, kila mmoja kwa ahadi ya dola milioni 5, na muziki ulitakiwa uwe kama ngoma inayotangulia arusi. Waliouandaa ni Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika ya Kusini, na rafiki yake Stewart Levine wa Marekani. Fedha zilitoka kwa matajiri wa Liberia. Foreman akapasuka juu ya jicho katika mazoezi, ngumi zikaahirishwa mpaka 30 Oktoba, lakini wanamuziki walikuwa wamekwisha fika, wakapiga. James Brown, B.B. King na Celia Cruz walionekana baadaye katika sinema. Nyimbo za Waafrika zilikaa gizani miaka 43, kama mbegu iliyosahauliwa ghalani.

Uwanja ule una historia inayotuhusu. Siku zile uliitwa Uwanja wa 20 Mei, kwa ukumbusho wa siku ya 1967 ambayo Mobutu alianzisha chama chake. Leo unaitwa Tata Raphaël. Tata Raphaël alikuwa padiri Mbelgiji wa Scheut, Raphaël de la Kethulle, aliyewajengea vijana wa Léopoldville shule na viwanja vya mchezo, akafa mwaka 1956. Basi gita la Franco lililia mahali ambapo padiri mmoja alikuwa ametaka vijana wakimbie na kucheza. Sijui nani kati ya watu wa usiku ule alilifikiri jambo hilo. Mimi nalifikiri kila nisikilizapo.

Maana mwaka 1974 haukuwa mwaka mwema kwa Kanisa. Tangu 1972 majina ya Kikristo yalikuwa yamekatazwa. Kardinali Malula aliyesema neno alilazimika kwenda kukaa Roma kwa muda. Katika mwaka huo huo wa muziki, Noeli ilifutwa katika siku kuu za serikali, na mwisho wa mwaka shule za misioni zikachukuliwa. Wazee wetu waliobatizwa kwa jina la mtakatifu na kuandikwa ofisini kwa jina lingine wanajua ninalosema. Na hapo Kinshasa taa zikawashwa, wageni wakaitwa, ili dunia ione kwamba Zaire ina furaha. Hata hivyo tiketi zilikuwa za bei ya juu na uwanja haukujaa. Siku ya mwisho watu wakaingizwa bure. Nadhani ndiyo sababu ya ule uchangamfu unaosikika mahali pengine katika santuri: mtu aliyeingia bure hana haya ya kupiga kelele.

Haya, tuje kwenye muziki.

Orchestre Stukas wana moto, lakini moto wa majani makavu. Nimewasikiliza mara mbili, yatosha. Miriam Makeba ni Miriam Makeba, hahitaji maneno yangu. Abeti Masikini ningependa wasomaji wa Ituri wamsikilize kwa moyo, kwa kuwa ni binti wa jimbo letu la zamani, mzaliwa wa Kisangani. Baba yake, Jean-Pierre Finant, aliongoza serikali ya Jimbo la Mashariki, akauawa Bakwanga mwezi wa Februari 1961. Binti alikuwa hajatimiza miaka 20 alipopanda jukwaa hili, naye kaka yake Abumba akapata zamu yake pia. Sauti yake Abeti ina nguvu ya ajabu, ila mara nyingine anaitumia yote kwa wakati mmoja, kama mtu anayetia chumvi yote katika chungu kimoja. Angeishi kujifunza kupunguza. Alikufa Ufaransa mwaka 1994, akiwa bado hajafika miaka 40.

Lakini kijana wangu hakuniletea santuri kwa ajili ya hao. Alitaka nimsikilize Franco.

François Luambo Makiadi alizaliwa Sona Bata mwaka 1938. Mama yake aliuza maandazi sokoni Kinshasa, naye mtoto alijitengenezea gita la debe na nyaya kabla hajashika gita la kweli. Mwezi wa Juni 1956 alikuwa mmoja wa walioanzisha OK Jazz. Kufika 1974 alikuwa mtu mzima mnene, mwenye orkestra kubwa ya matarumbeta, waimbaji na magita, na nchi nzima ilimjua. Wageni wa Marekani walikuja wakifikiri wanawaletea Waafrika muziki. Yule mtu hakuonyesha haraka yoyote.

Hilo ndilo linalonipendeza. Mpiga gita mwingine, akijua kwamba baada yake au kabla yake yuko B.B. King, angekimbiza vidole ili asionekane mdogo. Franco apiga kwa kidole gumba na cha shahada, noti mbili pamoja, na kuirudia njia ile ile, tena na tena, mpaka msikilizaji anaanza kungojea badiliko kama anavyongojea mvua. Kisha anabadili kidogo tu, noti moja, na watu uwanjani wanaitika. Waimbaji wanaponyamaza na magita kubaki peke yao, ndiyo ile sehemu iitwayo sebene, utasikia kwamba hakuna anayepiga wimbo mzima. Kila gita lina neno lake fupi. Ndugu zetu Waaluri wa Mahagi wanajua jambo hili kwa adungu: kubwa na ndogo zinawekwa pamoja, kila moja inasema kipande, na wimbo hauko mkononi mwa mtu yeyote, uko katikati yao.

Katika kikadi hicho hicho kijana alikuwa ameweka santuri nyingine ya mbele ya watu, ile Band of Gypsys ya Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi, iliyorekodiwa New York siku ya mwaka mpya wa 1970. Nilitaka kuipita. Muziki wa vijana wale wa Marekani na dawa zao si wa nyumba yangu. Lakini kuna wimbo mmoja wa zaidi ya dakika 12, uitwao Machine Gun, ambao Hendrix aliutoa kwa askari waliopigana Vietnam na kwa waliopigana katika miji ya kwao. Yeye mwenyewe alikuwa amepita jeshini. Gita linalia kama rashasha, ngoma ya Buddy Miles inalijibu risasi kwa risasi, kisha gita linalia kama mama aliyefiwa. Sisi wa Ituri hatuhitaji kufundishwa mlio ule. Nilizima simu katikati ya wimbo, nikatoka nje kidogo, nikarudi kumaliza. Hendrix alikufa London mwezi wa Septemba mwaka huo huo, na miaka 27 tu.

Basi nilijiuliza: kwa nini Franco, katika nchi yenye mateso yake, hakulilisha gita lake namna ile? Jibu jepesi ni woga, na jibu hilo lina ukweli. Franco alimwimbia Mobutu sifa, hata katika uchaguzi wa 1984. Tena huyo huyo alifungwa mwaka 1978 kwa nyimbo za matusi. Simtetei. Lakini naona kuna jibu jingine ndani ya muziki wenyewe. Hendrix ni mtu mmoja anayelia, na wenzake wawili wanamshika mkono. Kwa Franco ni watu wengi wanaoishi pamoja, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi. Serikali ilitaka uwanja ule useme kwamba mtu mmoja ndiye nchi. Magita yale yalikuwa yakisema neno jingine usiku mzima, na hakuna ofisa aliyelisikia.

Santuri ina makosa. Sauti za waimbaji zinazama mara nyingine chini ya matarumbeta, na asiyejua Kilingala hapati msaada mkubwa. Nyimbo nyingine ni ndefu kuliko haja yake kwa mtu aliyeketi chumbani peke yake. Zilipigwa kwa watu waliosimama na kucheza. Na kuhusu dhambi, nilimwambia kijana hivi: kupiga sebene si dhambi, na kumwimbia mkubwa sifa za uongo kwa ajili ya fedha ni dhambi, hata kama kinanda cha kanisa ndicho kinachosindikiza. Alifikiri kidogo, akasema ameelewa sehemu ya kwanza.

Nilipomrudishia kikadi aliniuliza kama nimemsikia Simaro Lutumba, yule wa gita la pili, anavyomjengea Franco sakafu. Nilikuwa sijamsikia. Nikamwomba aniachie kikadi mpaka Jumapili.