Siku ya Mbege Huhesabiwa Kinyumenyume

Mvumilivu hula mbivu, lakini mpika mbege akishazipata hizo mbivu ndipo subira yake inapoanza. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo, pombe ya ndizi na ulezi haiamuliwi leo ikanywewa kesho. Posa ikipelekwa Jumamosi, mama anayepika huishika Jumamosi hiyo na kurudi nyuma: lini achanganye, lini achemshe, lini aloweke ulezi, lini mikungu ikatwe. Akikosea hesabu kwa siku moja, wageni watakuta togwa au watakuta siki.

Ndizi hutoka kihambani, ambako migomba, kahawa na miti mirefu huishi pamoja. Zikikomaa hufunikwa kwa majani makavu ya mgomba, au hupandishwa darini juu ya jiko. Huko moshi hufanya kazi isiyoonekana: ndani yake mna etileni, gesi ileile ambayo tunda lenyewe huitoa linapoiva. Kwa hiyo mkungu mzima huiva pamoja, wala haipatikani chane mbichi ya kuharibu utamu.

Zikishamenywa huingia ndani ya pipa au sufuria kubwa juu ya mafiga, hutiwa maji, na moto wa kuni huwashwa. Huchemka kwa saa nyingi, mpaka rojo la manjano ligeuke jekundu la udongo. Hapa ndipo ninapomvulia mpishi kofia. Moto wa kuni huongezwa kwa kusukuma vigogo ndani na hupunguzwa kwa kuvivuta nje, basi. Hakuna njia nyingine. Ukizidi, ndizi hushika chini, na harufu ya kuungua ikishaingia haitoki. Ukipungua, wekundu hauji, kwa sababu rangi hiyo huzaliwa sukari na protini za ndizi zinapokaa pamoja kwenye joto kwa muda mrefu. Mama hana kipimajoto. Husikiliza mchemko, hutazama ukubwa wa mapovu, huinua mwiko na kuangalia rojo linavyodondoka. Anajua pia tabia ya kila kuni: tawi la mgrevilea hushika haraka na kuisha haraka, kisiki cha mti wa kahawa hukaa na kaa lake hadi usiku.

Kisha huliacha, na kuliacha nako ni kazi. Rojo hupoa, hufunikwa, na kwa siku kadhaa chachu za asili huila sukari na kuacha kileo. Kule juu karibu na msitu, kwenye baridi, uchachukaji huenda polepole. Chini kuelekea tambarare huenda mbio. Mpishi aliyeolewa kutoka upande mmoja kwenda mwingine hulazimika kujifunza upya kalenda yake.

Wakati ndizi zinachachuka, ulezi una safari yake. Hulowekwa, huoteshwa, huanikwa juani, husagwa. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari, akiba ya kulishia mche. Mpishi huuwahi mche: vichipukizi vikitokeza tu, ulezi huanikwa, maana vikirefuka vitakula sukari ambayo pombe inaihitaji. Unga wake hupikwa ukawa uji uitwao mso. Rojo la ndizi huchujwa, mso uliopoa huchanganywa nalo, na kesho yake pombe iko tayari.

Bado uchungu. Huo hutoka kwenye magome ya mti wa msesewe, na kipimo chake ni ulimi. Yakipungua, mbege hubaki tamu kama uji wa watoto. Yakizidi, wazee huonja mara moja na kuitua kata chini. Kwa desturi aliyeandaa huonja kwanza mbele ya wageni, kuthibitisha kwamba ni salama. Naiona pia kama saini yake.

Na saini hiyo haidumu. Mbege haiachi kuchachuka kwa sababu sherehe imekwisha. Baada ya siku moja au mbili ukali wake humshinda mnywaji. Hakuna pipa la mwaka jana la kujivunia. Sifa ya mpishi husimama juu ya pombe ya juzi, na wiki ijayo ataanza tena na mikungu mibichi na kuni zisizofanana na zile za mwanzo. Kwangu huu ni ufundi mgumu kuliko ule wa mashine, kwa kuwa kila kitu ndani yake hubadilika isipokuwa ladha ambayo watu wanaitegemea.

Desemba ikifika na mabasi ya Moshi yakajaa watu wanaorudi nyumbani, wengi watanunua mbege kwa kikombe na kulalamikia bei. Kabla hujaomba kupunguziwa, muulize mama huyo alianza kuipika lini. Kisha mlipe alichotaja, na kama una kijana nyumbani, wa kike au wa kiume, mwombe amruhusu akae naye mafigani siku nzima.