Msitu Hurudi Tingatinga Likipunguziwa Kazi

Kwa miaka mingi, machimbo ya makaa ya mawe yaliyofungwa katika milima ya Appalachia, Marekani, yalionekana kama yamepona. Mteremko ulikuwa umesawazishwa na nyasi zimeufunika. Lakini miche ya miti ya asili ilidumaa au kufa, na mbegu zilizopeperushwa kutoka msitu wa jirani hazikupata pa kuotea.

Sheria ya uchimbaji wa wazi ya mwaka 1977 ilimtaka mchimbaji aweke dhamana ya fedha, arudishe ardhi katika umbo linalokaribia la awali na azuie mmomonyoko. Shabaha ilikuwa njema, kwa kuwa vifusi vilikuwa vikiporomokea mito na makazi. Tatizo lilikuwa utekelezaji. Ili dhamana ikombolewe upesi, wakandarasi walipitisha tingatinga juu ya udongo tena na tena, kisha wakamwaga mbegu za nyasi na mimea ya kigeni inayokua haraka, kama feskyu ya Ulaya na lespedeza ya Asia.

Udongo ulioshindiliwa hivyo hupoteza matundu yake. Mvua hutiririka badala ya kuzama, hewa haifiki chini, na mzizi ukigota kwenye tabaka gumu hutambaa kando. Juu ya ardhi, nyasi ndefu huunyima mche mwanga na maji, na panya hupata maficho ya kutafunia magome.

Mwaka 2004, ofisi ya serikali kuu inayosimamia uchimbaji huo iliungana na majimbo saba kueneza njia ya hatua tano iliyotokana na utafiti wa vyuo vikuu. Kwanza, huwekwa tabaka la kuoteshea lenye kina kisichopungua mita 1.2: udongo wa juu, au mawe ya mchanga ya kahawia yaliyokwisha kulika kwa hali ya hewa. Miamba ya kijivu kutoka kina kirefu huepukwa, kwani mara nyingi ina chumvi au alkali isiyofaa miti ya huko. Pili, tabaka hilo husawazishwa kidogo tu na kuachwa na mabonde na matuta madogo, ambako maji hutuama na kuzama. Tatu, hupandwa nyasi fupi zisizoshindana na miche. Nne, huchanganywa miti inayotangulia kurutubisha ardhi na kuvuta ndege na wanyama, pamoja na miti ya mbao kama mialoni. Tano, miche hupandwa kwa ustadi.

Machimbo ya zamani yalihitaji kuanza upya. Kwenye Cheat Mountain, West Virginia, meno marefu ya chuma yalitifua ardhi iliyoshindiliwa na miti ya kigeni ikaangushwa. Magogo yaliachwa palepale yaoze na kurudisha mboji, kisha ikapandwa misprusi myekundu, mti wa asili wa vilele hivyo.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha njia hii, kwani bila udongo tifutifu hizo nyingine haziokoi mche. Pia hupunguza mafuta na saa za mitambo. Kwa hiyo mkaguzi asiidhinishe kurudishwa kwa dhamana kwa kuangalia kijani cha msimu mmoja. Achukue sululu na achimbe. Pale inapogonga tabaka gumu karibu na uso wa ardhi, kazi ya mchimbaji haijaisha.