Popo wa Gotham, na Watu Tusiowaona

Sinema ya tatu ya Batman, ya Christopher Nolan (2012), tuliipenda, nasi twaipenda hata leo. Zile mbili za kwanza, za 2005 na 2008, twazijua karibu kwa moyo.

Bane avunja madaraja, afungua gereza, awatangazia watu kwamba mji ni wao. Tulipoitazama mwaka 2013 katika kibanda kimoja cha Masisi, hapo hakuna aliyecheka. Novemba 2012 M23 walikuwa wameingia Goma, na wafungwa wa Munzenze wakatoka. Goma ilikaa mikononi mwao siku kumi na moja hivi. Gotham yakaa miezi.

Basi miezi hiyo watu wanakula nini? Mtu wa Walikale ajua kwamba mwenye bunduki hana hotuba ndefu: ana kamba iliyofungwa njiani, na kila apitaye na mzigo hulipa. Nolan hatuonyeshi soko, wala mama mmoja mwenye kikapu. Na askari polisi, waliofungiwa chini ya ardhi muda huo wote, watoka nyuso safi, ndevu zimenyolewa! Kibanda kizima kiliguna.

Mwisho Batman abeba bomu mpaka juu ya bahari. Tulinyamaza. Kisha mtumishi wake Alfred amwona Florence, yu hai, ameketi mezani na mwanamke. Wenzetu walipiga makofi. Sisi tulijiona tumenyang'anywa kilio chetu. Lakini kesho yake tulirudi, tukalipa tena.