Maji Yasiyo na Njia ya Kutoka: Hesabu ya Tangi la Samaki Kataboi

Mkazi wa Kataboi, huko ufuoni magharibi mwa Ziwa Turkana, akitamani kuwa na tangi kubwa la samaki wa maji ya chumvi na matumbawe nyumbani, kwanza ataulizia kioo: unene wake, gundi, stendi ya chuma ya kulibeba. Kisha ataulizia pampu na bei ya samaki. Hayo yote yana majibu dukani. Kinachoamua kama samaki wataishi ni maji yanayopotea hewani kila siku na maji yanayoingizwa badala yake. Hesabu hiyo ni kali sana Turkana.

Chukua tangi lenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 80, na kina cha maji kinachozidi sentimita 60 kidogo. Hizo ni lita 1,000. Jua na upepo hulipunguzia Ziwa Turkana takribani mita 2.3 za maji kwa mwaka, yaani milimita 6 na ushei kwa siku. Tangi likikaa barazani panapopita upepo, na likapoteza maji kwa kasi hiyo hiyo, ni lita 10 kila siku. Yanayoondoka ni maji matupu, chumvi hubaki. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi katika kila lita, kwa hiyo tangi lilianza na kilo 35. Liache mwezi mmoja bila kuliongezea kitu: zimebaki lita 700 na kilo 35 zile zile, gramu 50 kwa lita. Matumbawe yatakuwa yamekufa kabla ya hapo.

Wanaofuga samaki wa baharini majumbani wanaijua dawa yake. Huongeza maji yasiyo na chumvi hata chembe, kidogo kidogo, kila siku, na kupima uzito wa maji kwa haidromita. Mjini chujio hutengeneza maji hayo huku mwenye nyumba amelala. Kataboi, lita 10 za maji safi ni nusu jerikeni, na kuna familia katika kaunti ya Turkana zinazoteka maji ya kunywa kutoka visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa laga, yaani mto mkavu. Siwezi kulipita jambo hili upesi. Tangi la mapambo linaloshindania maji na sufuria ya jikoni halifai kujengwa, hata kama mwenyewe ana pesa za kununua maji.

Hapo ndipo ziwa linapotamanisha. Liko pale, halina bei, na lina chumvi kidogo tu, karibu gramu 2.5 kwa lita. Kwa nini usijazie tangi la bahari kwa maji ya ziwa? Piga hesabu ya mwaka mzima. Lita 10 kwa siku ni lita 3,650, na hizo zinaleta kilo 9 za chumvi ambazo hazitoki tena. Tena si chumvi ya bahari. Sehemu kubwa ni magadi, yale yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya jerikeni iliyosahauliwa juani: unga laini mabegani, mstari mgumu pale maji yalipoishia, na ukiukwangua kwa ukucha unatoka vipande vipande.

Ukoko huo una mengi ya kutufundisha. Maji ya bahari yana karibu miligramu 400 za kalsiamu kwa lita, na matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsiamu hiyo. Ziwa Turkana lina kalsiamu kidogo mno, kwa sababu mto unapoileta, inakutana na kabonati nyingi, inageuka chokaa na kuzama chini. Mimina maji ya ziwa kwenye tangi la bahari siku baada ya siku, na jambo lile lile litatokea mbele ya macho yako: kioo kinapata ukungu, mhimili wa pampu unakwama kwa chokaa, na matumbawe yanakosa kalsiamu ndani ya maji yaliyokuwa nayo tele.

Tatizo la pili halionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake. Katika tangi lililokomaa, bakteria waliojishika kwenye mawe na kwenye chujio huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa, ndiyo maana mfugaji mzoefu huliacha tangi lifanye kazi kwa wiki kadhaa kabla ya kuingiza samaki. Lakini ukali wa amonia hutegemea kipimo cha pH. Bahari iko karibu 8.1, na kwa joto la nyuzi 28 au 30 sehemu yenye sumu haifiki hata moja ya kumi ya amonia yote. Ziwa Turkana liko 9.2 au zaidi. Hapo nusu nzima, pengine zaidi, ni sumu. Idadi ya samaki wanaoishi vizuri kwenye maji ya bahari inaweza kujiua kwa uchafu wake yenyewe kwenye maji ya ziwa ya ujazo ule ule.

Basi ziwa lenyewe linawezaje? Lina sangara, tilapia, kambare na spishi nyingine, karibu 50 kwa jumla, nyingi zikiwa za ukoo wa Nile. Sababu ya ukoo huo ni kwamba ziwa liliwahi kuwa na mlango. Zamani za mvua nyingi lilikuwa juu sana kuliko leo na maji yake yakamwagikia upande wa Nile. Mlango huo ulifungwa takribani miaka 5,000 iliyopita, na tangu hapo maji huingia bila kutoka. Mto Omo kutoka Ethiopia huleta zaidi ya asilimia 80 ya yanayoingia. Bwawa la Gibe III lilipoanza kujazwa mwaka 2015, usawa wa ziwa ulishuka takribani mita 1.5 kufikia mapema 2017. Miaka iliyofuata ziwa lilipanda tena likameza makazi ya ufuoni. Tofauti kati ya maji na maji zinaonekana hata katikati ya ziwa: Kisiwa cha Kati kina maziwa matatu ya kreta, moja la tilapia, moja la mamba, moja la heroe, yote chini ya jua moja, na kila moja lina maji yake.

Ziwani, kazi ya pampu hufanywa na upepo. Pepo za kusini mashariki huvuma kwa nguvu kiasi cha kukoroga maji hadi chini, kwa hiyo oksijeni hufika vilindini. Ng'ambo ya ziwa, katika kaunti ya Marsabit, upepo huo huo unaendesha mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na umeme wake unasafirishwa kwa nyaya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mwenye tangi Kataboi anabaki na sola na betri, na pampu yake haitakiwi kusimama hata usiku mmoja.

Mji jirani wa Kalokol ulishapata somo la umeme na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilijenga pale kiwanda cha kugandisha samaki. Mwaka 1976 samaki waliovuliwa ziwani walizidi tani 15,000, wengi wakiwa tilapia wa Ghuba ya Ferguson, na waliopanga walitegemea neema hiyo idumu. Majokofu yalifanya kazi siku chache tu, kwani gharama ya umeme na mahitaji ya maji safi jangwani vilikishinda kiwanda. Baadaye ghuba yenyewe, ambayo kina chake ni kifupi mno, ikakauka. Tangi la matumbawe lingedai vitu vile vile viwili: maji safi ya kuongeza, na umeme wa kulipoza, kwa sababu matumbawe hutaka nyuzi 25 hadi 28 ilhali mchana wa Lodwar, katika kaunti hiyo hiyo, hufika 35 kwa kawaida. Mwaka 1998 bahari ya Kenya ilipopata joto kupita kiasi, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ilipauka na kufa, na huko kuna bahari nzima ya kuyapooza.

Uamuzi wangu basi ni huu: Kataboi mtu asiweke bahari. Aweke ziwa. Maji ya ziwa, mchanga wa ziwa, tilapia wachanga wachache, na kivuli cha kutosha juu ya kioo.

Halafu alipe tangi lake ule mlango ambao ziwa liliupoteza. Akiongeza lita 10 tu za maji ya ziwa kila siku kufidia yaliyopotea, baada ya mwaka chumvi itapita gramu 11 kwa lita. Lakini akitoa lita 20 za maji ya tangi kila siku na kuingiza lita 30 kutoka ziwani, chumvi itapanda taratibu kwa miezi kadhaa, kisha itasimama kwenye gramu 3.75 kwa lita na isivuke hapo, kwa sababu chumvi inayoingia na inayotoka zitakuwa sawa. Lita 30 ni jerikeni moja na nusu. Yanayotolewa yasimwagwe kwenye mboga, yarudishwe ufuoni. Amonia ipimwe alasiri, maana mchana kutwa mwani hunyonya kaboni dioksidi na kuipandisha pH, na kipimo cha asubuhi kinaweza kuonyesha usalama ambao saa kumi jioni haupo tena.