Cy Grant na Maelezo ya Adui

Mtu atakaye kukitafsiri kitabu cha Cy Grant, A Member of the RAF of Indeterminate Race (2006), atakwama jaladani, kabla hajafika ukurasa wa kwanza. Je, aandike "mwanajeshi wa anga asiyejulikana kabila"? Kabila silo lililokusudiwa. "Asiyejulikana rangi" ni kichekesho, maana rangi ndiyo iliyoonekana kwanza. "Jinsi", kwa maana yake ya zamani, lingefaa. Lakini msomaji wa leo atadhani twauliza kama ni mume au mke.

Maneno yenyewe hayakutungwa na Grant. Mzaliwa huyu wa Guyana, aliyekuwa mwelekezi wa njia katika ndege ya mabomu ya Waingereza, aliangushwa Uholanzi mwezi Juni 1943 akatekwa. Gazeti la Kijerumani lilichapa picha yake, na chini yake maelezo hayo. Mateka alikaa kifungoni miaka miwili.

Vita vilipokwisha alisomea sheria, akahitimu uwakili mwaka 1950, asipate pa kufanyia kazi. Ndipo akashika uigizaji. Wengi walimjua tangu 1957 kwa kuimba habari za siku kwa mtindo wa kalipso katika televisheni ya BBC. Wako wanaouhesabu huo kuwa ushindi wake. Sisi twauona kuwa ni maelezo mengine chini ya picha, na yeye mwenyewe aliuacha mwaka 1960 asije akafungwa humo. Mwaka 1965 aliigiza Othello mjini Leicester, mwaka mmoja tu baada ya Laurence Olivier kuigiza nafasi hiyo London akiwa amejipaka weusi.

Lakini kazi inayokifungua kitabu, kwa maoni yetu, ni ile ya miaka ya 1970, aliposimama jukwaani peke yake akilighani shairi refu la Aimé Césaire juu ya kurejea nchi ya kuzaliwa. Césaire alilitwaa tusi la Mfaransa kwa mtu mweusi akaliundia neno negritudi. Grant naye, akiwa mzee wa miaka themanini na zaidi, aliyatwaa maandishi ya adui akayapandisha jaladani.

Kwa hiyo mfasiri asiyalainishe. Sisi tungeandika "wa asili isiyobainika": ni lugha kavu ya karani, na karani ndiye anayehitajika pale.